Mkeka Juu ya Zege

Fundi Shomvi hakuwa na chapa hata moja ya kugongea maua kwenye zege, ila kazi aliitaka. Bi Kidawa alimpa kibaraza kwanza. Kikipendeza, anapewa ua mzima wa nyumba.

Zege lilianza kushika.

"Mama, una mkeka wa ukili?"

"Ushachoka, unataka kulala?"

"Nataka maua."

Bi Kidawa akaguna, akaleta mkeka aliosuka marehemu mama yake. Shomvi akaupaka mafuta, akautandika juu ya zege, akaugandamiza kwa ubao.

"Ukigandia hapo, utanitambua."

"Shika pembe hiyo. Tuinue taratibu."

Mkeka ukabanduka. Chini yake msuko ukajitokeza, mstari baada ya mstari. Bi Kidawa akavua ndala.

"Bado bichi, mama!"

"Najua," alisema, akabaki pekupeku.