Farasi wa Upande Mmoja

Upande mmoja wa farasi ulikuwa umeshanyolewa na unang'aa. Mkasi wa kunyolea kondoo ulipofika tumboni, farasi akarusha teke, na Nyangate akaruka nyuma.

Baba mkwe wake alicheka kutoka mlango wa zizi. "Si nilisema? Farasi huyu aliyeachwa na mzungu alipohama ni mbuzi tu: havuti mkokoteni, hanyolewi. Kesho namuuza."

"Manyoya haya marefu ya msimu wa baridi ndiyo yanayomchosha, Baba. Anatoka jasho, kisha anatetemeka. Nikimaliza, atatupelekea maziwa kila asubuhi."

"Basi maliza."

Lakini nani angeshika kamba ili farasi atulie? Mumewe alikuwa kazini Kericho, na heshima haimruhusu mke wa mwana kusimama karibu na baba mkwe kiasi cha kusikia pumzi yake. Nyangate aliinama peke yake, akapeleka tena mkasi tumboni. Mguu wa nyuma ukainuka.

Kisha ukashuka polepole.

Mzee alikuwa ameshika kamba karibu kabisa na taya la farasi, uso ameugeuzia milima ya Manga.

"Nyoa, mwanangu."

Manyoya ya kahawia yalimwangukia mzee juu ya viatu, laini, bado yana joto. Hakuondoa mguu.

Jirani aliyekuwa akipita alisimama penye ua. Kwetu wanaonyolewa ni wafiwa. "Mzee, mmepatwa na msiba?"

"Msiba gani?" Sauti yake ilifika barabarani. "Mke wa mwanangu ananyoa farasi wangu!"