Ondoa Neno Mafia

Barua ilirudi tena, na safari hii haikukawia hata kidogo. Leonia alikuwa bado hajainua kidole kwenye kipanya, taarifa ya kukataliwa imeshaingia.

“Umekataliwa, mama.”

“Nimekataliwa mimi, au barua?”

“Barua.”

“Basi sema barua. Mimi sijakataliwa na mtu.”

Bi Mwanasiti alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa Ndagoni, wanaolima mwani na kupika sabuni kwa mafuta ya nazi ya kijiji cha Baleni. Tangu Hifadhi ya Bahari iweke mipaka ya kuvulia, nyumba nyingi kijijini kwake zilikuwa zikila kwa sabuni hiyo. Asubuhi ile ya Alhamisi alipanda bodaboda hadi Kilindoni, kwenye duka la intaneti la Leonia, binti wa Bukoba aliyeolewa kisiwani na kubaki.

Barua ilikuwa inakwenda Ulaya, kwa kampuni iliyoandika kwamba inaitaka sabuni yao yote, kila mwezi. Jibu lilitakiwa liwe limefika kesho, Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Lisipofika, kazi ya miaka yote ile ya kuinamia kamba za mwani imekwenda na maji.

Bi Mwanasiti aliichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa Kiswahili chake. Huko waliko wana mkalimani, alisema. Leonia hakuisoma. Barua za wateja hakuwa na desturi ya kuzisoma, naye mama huyu si mtu wa kuchunguliwa begani.

Mwanzo Leonia alidhani ni mambo ya kawaida. Alirekebisha ile rekodi inayothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye anwani. Akapunguza uzito wa picha iliyoambatanishwa. Akatazama kama anwani ya kikundi imeingizwa kwenye orodha ya watuma barua taka, akakuta haimo. Barua ikawa inarudi tu. Mwisho akajaribu kwa anwani yake mwenyewe. Akaandika “Habari za kazi,” ikapita. Akaandika “Habari za kazi kutoka Mafia,” ikarudi.

Leonia alicheka mpaka akafuta machozi.

“Mama, kumbe ni jina la kisiwa. Huko kwao mafia ni majambazi. Mashine yao imekaa kama bawabu, ikiliona neno hilo tu inafunga mlango.”

Bi Mwanasiti hakucheka.

“Tuliondoe,” Leonia akasema. “Andika Ndagoni, andika Tanzania, yatosha. Naituma kwa anwani yangu, inapita sasa hivi, unarudi zako nyumbani.”

“Haliondoki.”

“Ni neno moja tu, mama.”

“Ni moja, na ndilo hilohilo. Mimi nimezaliwa hapa, na mama yangu, na bibi yangu. Hao majambazi walipojiita jina letu, walikuja kutuomba? Wabadilishe wao. Nikilitoa leo ili nifunguliwe mlango, barua yenyewe ya nini?”

Maneno yalimtoka kwa ukali, lakini moyoni alikuwa anaogopa. Simu ikaita. Alikuwa Kidawa, mwenyekiti wa kikundi.

“Imefika?”

“Bado.”

“Mwanasiti, kesho si mbali.”

“Najua. Itafika, na itafika na jina lake.”

Akakata simu. Kama akikosea, wenzake wote watalia kwa ajili ya kiburi chake, na hilo alilijua vizuri kuliko huyu binti anayemtazama kwa huruma.

“Huyo bawabu hana mkubwa wake?” akauliza.

“Anaye. Kuna ukurasa wa kulalamika. Lakini sijui kama wanausoma.”

“Fungua.”

Leonia akafungua, akaweka vidole tayari.

“Waandikie kwamba sisi si majambazi,” Bi Mwanasiti akaanza, kisha akanyanyua mkono. “Hapana, futa. Nisianze kwa kujitetea kama mwizi. Andika hivi: fungueni ramani.”

Leonia akaandika hivyohivyo kwa Kiingereza, akaongeza jina la kisiwa na anwani ya kikundi, akatuma. Siku ile haikuja hata salamu.

Ijumaa Bi Mwanasiti alifika duka halijafunguliwa. Leonia alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kumtazama, macho yakiwa kwenye mashine. Jibu lilikuwepo. Fundi wa huko Ulaya alifungua ramani. Aliomba radhi, akasema ameshaiamuru mashine iipokee anwani ya kikundi na jina la kisiwa, sasa na siku zote.

Leonia akaituma barua ileile, yenye neno lilelile, kwa anwani ileile ya kikundi. Wakangoja. Hakuna kilichorudi. Baada ya muda likaja jibu fupi la kampuni: tumeipokea, tunaifasiri.

“Hongera, mama. Oda mmepata,” Leonia akasema, akipiga makofi. “Pilau lini?”

“Pilau utakula.” Bi Mwanasiti alifunga kanga yake vizuri kiunoni. Kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu.

“Kwani humo umeandika nini, hata neno moja likushinde kulitoa?”

“Sasa imeshafika. Soma.”

Leonia akaivuta juu ya kioo.

“Mnataka sabuni yetu tuiondolee neno Mafia, tubandike jina lenu. Mkasema tukikaa kimya hadi Ijumaa, mtahesabu tumeridhia. Haturidhii, wala hatuwauzii.”