Kengele ya Shangazi

Nilichoona kwanza ni kucha zake. Tulikuwa tumemwosha vizuri kwa ajili ya mazishi, lakini kucha za shangazi zilibaki na zambarau ya dawa ya vidonda. Miaka yote aliwahudumia wagonjwa waliokimbiwa na ndugu zao. Hata Jumapili aliwafunga bandeji, kwa hiyo ibadani hakuonekana.

Mimi ndiye ninayefagia kanisa na kupiga kengele. Muumini akifa, naipiga mara moja kwa kila mwaka alioishi. Asubuhi ile mzee wa kanisa alinikuta nimeshika kamba.

“Iache, binti. Huyo hakuwa wetu.”

“Ni shangazi yangu, mzee.”

“Najua, na pole. Lakini matendo peke yake hayaokoi mtu. Siku ya hukumu ataulizwa imani yake, si bandeji.”

“Aliwaombea wote aliowaosha.”

“Shule yenyewe ilikushinda, leo unanifundisha Maandiko?”

Siku zote mzee huyu akinisemesha, huwa nainamisha kichwa. Safari hii nikavuta kamba. Kengele ikalia juu yetu, na watu wakatoka madukani kutazama.

“Ukivuta tena, kazi huna.”

Nikavuta tena. Kamba ilinichubua kiganja, nikaikaza zaidi. Nilikuwa bado na miaka hamsini ya kupiga. Mlio ulipofifia, nikamwambia nililokuwa nikilimeza tangu utotoni, kila waliposema shangazi amepotea.

“Kama shangazi hatakuwemo mbinguni, mzee, na mimi msinisubiri.”