Siku ya Mia Mbili Bila Tukio

Sheria ya treni ya mjini ilikuwa moja: abiria akidhuriwa mara tatu hapandi tena, kwa usalama wake mwenyewe. Sikitu alikuwa ameshafungiwa. Tangu alipoporwa mkoba mara ya tatu, alikwenda sokoni kwa miguu, mwendo wa saa mbili, akisonya njia nzima.

Jioni hiyo binti yake Tunu alirudi kutoka chuoni, blauzi imechanwa begani. Ilikuwa mara yake ya tatu kudhuriwa ndani ya treni. Hata hajakaa, Afande Lubuva, polisi wa mtaa, akapiga hodi. Alikuwa kwenye mzunguko wake wa kila siku.

"Kuna tukio la treni humu, mama?"

Sikitu alipandwa na hasira. Waliomchania mwanawe nguo walikuwa bado wamekaa behewani, wamenyoosha miguu, na hakuna aliyewauliza hata majina. Akamtazama Tunu, aliyebakiza mtihani mmoja tu.

"Hakuna, afande. Huyu kaanguka ngazini."

"Safi. Leo siku ya mia mbili, treni iko shwari."

Alipoondoka, Sikitu alichukua sindano na uzi, akaanza kuishona ile blauzi.

"Kesho wakikushika," akamwambia mwanawe bila kuinua macho, "usipige kelele."