Aliyekwisha Kuugua

Mama alitafuta pindo kavu la kanga yake, akamfuta binti yake Sikudhani damu iliyokuwa ikichuruzika kwenye fizi.

"Lakini homa ya dengi alishaiugua mwaka jana, daktari, akapona kabisa," alisema. "Ndiyo maana mdogo wake alipougua nilimwachia yeye amuuguze, na chandarua chake nikampa mdogo. Nilijua mbu hatamdhuru tena. Kwetu aliyeugua surua ndiye anayeuguza wenzake."

"Surua ni moja, mama. Dengi ziko aina nne." Daktari alishusha pumzi. "Mwili ulipoiona hii ya pili ulidhani ni ile ile. Walinzi waliobaki tangu mwaka jana wakaikamata, wakashindwa kuiua, kisha wao wenyewe wakaiingiza ndani ya chembe za damu. Humo ndimo inamozaliana."

"Yaani ilipiga hodi ikakaribishwa?"

"Kama mtu wa nyumbani."

Daktari alipotoka kwenda kutafuta damu ya kumwongezea mgonjwa, aliingia muuguzi mgeni wa zamu. Akatoa damu kidogo kwenye mkono wa msichana, akainua kichupa na kalamu.

"Jina, mama?"

"Sikudhani."

Muuguzi akamshika bega. "Hakuna anayekulaumu, mama yangu. Nauliza jina la mgonjwa."

"Sikudhani," mama alisema tena, na sauti ikamkatika.

Kitandani, msichana akafumbua macho, akidhani anaitwa.