Mkono wa Guniani

Obwocha aliinua tena ile karatasi nyeusi ya plastiki kuelekea jua. Akaitazama, akakwangua jiwe kidogo kwa kisu, akaitazama tena. Bonareri alipotokea kwenye kona ya nyumba, vyote viliingia guniani.

"Unachonga nini, baba Nyangate?"

"Kiboko tu. Cha kuwauzia wazungu."

Macho hakuyainua. Baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa, Bonareri alimjua mumewe akidanganya.

Tangu Februari, kazi ya kusugua michongo kwa msasa na maji haikuwa yake tena. Ilikuwa ya Gesare, jirani yao, mjane kijana mwenye kucheka ovyo. Kutwa Gesare aliketi kando ya beseni, mikono majini, mikono mizuri isiyochoka. Bonareri aliichukia ile mikono. Alimwambia Mungu hivyo siku ya Sabato, kanisani kabisa, na msamaha hakuomba.

Jumatano alimsikia Obwocha nyuma ya banda.

"Hebu lete mkono wako nione."

"Wangu ni mnene, shemeji," Gesare akasema, akicheka. "Lakini shika tu."

Siku hiyo mboga ya chinsaga iliungua chunguni.

Jioni Obwocha alimmenyea ndizi, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizi, kisha akamfunga kitambaa kichwani. Watu wangesema ni mapenzi. Bonareri aliona ni mtu anayelipia dhambi.

Kesho yake Obwocha alikwenda soko la Nyamarambe. Bonareri akatia nguo zake kikapuni. Angerudi kwao Nyamira, Gesare abaki na mwanamume, mawe na beseni lake. Lakini hangetoka kabla ya kukivunjavunja hicho kinachoitwa kiboko.

Alifungua gunia kwa meno.

Ulikuwa mkono wa mwanamke, wa jiwe la rangi ya waridi, umesuguliwa ukawa laini. Vidole vyembamba. Mishipa ya damu ilichongwa mmoja mmoja, ikapanda kutoka kiganjani mpaka kwenye kucha. Mwanamume hawezi kuijua mishipa ya mkono namna ile kama hajaushika sana. Akauinua juu ya kizingiti cha mawe aupasue.

Ndipo alipoona kidole cha mwisho. Kilipinda kwa ndani, sawasawa na kile cha kwake kilichokuwa kimeushikilia.

Akauweka chini taratibu. Akaitoa ile karatasi nyeusi, naye akaiinua kuelekea jua. Ilikuwa mishipa ileile, myeupe kama mizizi ya nyasi, ila kwenye vidole vitatu ilikatikia njiani. Kwenye jiwe, Obwocha alikuwa ameifikisha yote.

Pembeni paliandikwa jina: Bonareri. Na tarehe ya Januari, siku aliyolazwa ndani ya ile mashine ya sumaku ya kupiga picha, hospitalini kule Nairobi, akaambiwa asitikise hata kidole.

Aliketi kizingitini. Akafungua kwa meno fundo la mkono wa kulia wa sweta lake, ulioning'inia mtupu, akausogeza ule wa jiwe mpaka pale ulipokatwa wake.