Springi za Kwenda kwa Shangazi

Mke wa kinyozi alikuwa amelala kifudifudi juu ya benchi la gereji, akikataa kuzungumza na yeyote isipokuwa Mungu. Dua yake ilisikika hadi kwa wauza matairi ng'ambo ya barabara: Mola amchukue kinyozi, amchukulie na gari lake, na ikiwezekana wasichelewane.

"Panauma wapi hasa, mama watoto?" kinyozi aliuliza.

"Panauma pale nilipokubali kuolewa."

Fundi aliinama kwenye gurudumu ili asionekane akicheka. Kisha akaacha kucheka, maana haya yalikuwa marekebisho ya tatu ya springi, na ya tatu kumlaza mwanamke yule benchini.

Gari lenyewe lilikuwa la porini, refu, zee, lenye sura ya ng'ombe aliyeamshwa vibaya. Lilikuwa likitengenezwa kwa safari moja tu: kwenda kwa shangazi aliyemlea kinyozi tangu utotoni, ambaye sasa aliishi peke yake nyuma ya milima, mwisho wa njia ya mawe ambayo hata mbuzi waliipita wakinung'unika. Shule zilikuwa zimefungwa. Mgongo wa mke ukikataa, safari haipo.

Fundi alikuwa na moyo laini kuliko mpira wa bushi, na wenzake waliuhesabu kuwa kilema. Hakuwahi kumwona shangazi huyo, lakini alishamchora kichwani: ametandika vitanda vya wageni, ameketi dirishani, anasikiliza kila mngurumo wa injini unaopita bila kusimama.

Tatizo ni kwamba springi zilichaguliwa na shangazi mwenyewe. Ujanani aliendesha malori ya magogo, na neno lake juu ya magari lilipokewa katika familia ile kama amri. Kila mara alipiga simu, kinyozi akaiweka sauti ya juu. Kwanza aliagiza springi nene. Mke alipolia, akasema waongeze bamba kila upande. Mke alipolia zaidi, akataka shokapu ngumu kuliko zote dukani, na matairi yajazwe upepo mpaka yalie kama ngoma.

Fundi alijaribu kumweleza kwa adabu. Springi ngumu kiasi hicho zinataka tani ya saruji juu yake. Ukizipa kinyozi na familia, gari litaruka kama chura. Yeye angefunga ndefu, laini, na shokapu za gesi.

Shangazi alicheka. "Mwanangu, njia ya huku naijua mimi. Laini zitakatika. Halafu msiharakishe. Sitaki mgongo wa mtoto wa watu uvunjike kwa ajili ya mzee kama mimi. Likizo hii ikipita, si zipo nyingine?"

Fundi alilazimika kujifuta jicho, akapaka grisi hadi kwenye nyusi. Mtu yuko mpweke namna ile, na bado anawahurumia wengine.

Sasa mke wa kinyozi aliinuka benchini kwa awamu, kama kitanda cha kukunja, akatangaza kwamba hapandi tena ile mashine ya kukoboa mpunga. Hata akiambiwa peponi kuna nafasi moja na gari ni hilo, atatembea. Kinyozi aligeukia gari. Alifuta boneti kwa mkono wa shati lake, taratibu, pahali ambapo hapakuwa na vumbi, akasema basi, atampigia shangazi amwambie imeshindikana.

"Niachieni gari mpaka kesho," fundi alisema.

Walipoondoka, akavunja amri. Alitoa kila kilichoagizwa kutoka milimani, akafunga springi ndefu alizokuwa akizitamani tangu mwanzo, shokapu za gesi na bushi mpya, kisha akapunguza upepo wa matairi. Alijua anamvunjia heshima dereva mkongwe. Alijiambia kwamba shangazi akishawakumbatia wajukuu, atasamehe.

Asubuhi walilijaribu kwenye njia ya machimbo ya kokoto. Kinyozi alishika usukani, mkewe akashika kishikio cha mlango kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino, fundi akakaa nyuma. Kwenye mawe ya kwanza mama alifumba macho. Kwenye korongo, kichwa chake kikaanguka begani. Fundi alidhani amezimia. Kisha akamsikia: alikuwa anakoroma.

Kinyozi alisimamisha gari, akageuka kumtazama. Mkewe akashtuka, akajifuta mate. "Mbona mmesimama? Twendeni kwa shangazi."

Kufika mchana gari lilikuwa limeshapakiwa watoto wote, magodoro, mbwa, na cherehani ya mama, kwa kuwa alisema hawezi kukaa muda mrefu bila kushona. Kinyozi alimkumbatia fundi, pamoja na grisi zake. "Mpigie wewe umpe habari njema," alisema. "Furaha ya kumwambia ni yako."

Fundi alinawa mikono kwanza, kana kwamba shangazi angeiona. Akamweleza yote: zile ngumu amezitoa, amefunga laini, mama watoto amelala usingizi wa mtoto mchanga, na sasa wako njiani, wote, na cherehani. Kisha akanyamaza, akisubiri kigelegele.

Badala yake alisikia kiti kikiburutwa, na mtu akijibwaga juu yake.

"Mara ya mwisho walisema wanakuja kwa wiki moja, wakakaa mpaka shule zikafunguliwa," shangazi alisema hatimaye, kwa sauti ndogo sana. "Mwanangu, mimi nimekukosea nini?"